Tamasha la FESTIBA na Utamaduni wa Mpakani mwa Texas na Mexico: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wasomaji wa Kiswahili, hasa wanafunzi wa sanaa na insia (masomo ya lugha, historia na utamaduni) pamoja na wale walioko Texas kwa masomo, huyarudia kila linapotajwa tamasha la FESTIBA. Majibu yameanzia mambo ya msingi na kuishia na yale yanayomhusu msafiri. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine bila kurudia yaliyokwisha kusemwa.

## Mambo ya msingi

1. FESTIBA ni nini?

FESTIBA ni kifupi cha Festival of International Books and Arts, yaani Tamasha la Kimataifa la Vitabu na Sanaa. Huandaliwa na University of Texas Rio Grande Valley, chuo kikuu cha umma kilichoko kusini kabisa mwa jimbo la Texas, na kwa kawaida hufanyika majira ya machipuko, kitovu chake kikiwa kampasi ya Edinburg. Katika siku za tamasha chuo huweka pamoja mambo ambayo siku nyingine hukaa mbalimbali: mihadhara ya historia, usomaji wa mashairi, maonyesho ya picha, muziki wa jukwaani, na siku ya familia ambapo watoto wa eneo hilo huja kusomewa na kupewa vitabu.

Jina la tamasha halitaji mpaka popote, na msomaji anaweza kujiuliza kwa nini basi lihesabiwe miongoni mwa matamasha ya utamaduni wa mpakani. Jibu liko mahali linapofanyika na kwa watu wanaohudhuria. Kutoka Edinburg hadi daraja la kuvukia Mexico ni mwendo wa gari usiofika saa moja, na wengi wa wanafunzi wana ndugu, makaburi ya mababu au kumbukumbu za shamba la ukoo upande wa pili wa mto.

2. Chuo chenyewe ni kipi, na mbona vyanzo hukitaja kwa majina tofauti?

Ni chuo kimoja chenye mababu wawili. Mwaka 2013 bunge la Texas lilipitisha sheria ya kuunganisha University of Texas–Pan American ya Edinburg na University of Texas at Brownsville, na chuo kipya kikafungua milango mwaka 2015. FESTIBA ilizaliwa enzi za Pan American, kwa hiyo matangazo ya zamani hubeba jina hilo. Pan American nayo ilianza mwaka 1927 kama chuo kidogo cha mji wa Edinburg na ikabadilishwa jina mara kadhaa; ukikuta Edinburg College, Pan American College au Pan American University, ujue ni asili ile ile.

3. Rio Grande Valley ni wapi?

Ni eneo la wilaya nne, yaani Hidalgo, Cameron, Starr na Willacy, lililoko ncha ya kusini ya Texas, ambako mto unaoitwa Rio Grande na Wamarekani na Río Bravo na Wameksiko unaingia Ghuba ya Mexico. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu wapatao milioni 1.4, na wengi mno kati yao wana asili ya Mexico. Jina lasema bonde, lakini atakayekwenda kutafuta milima pande zote mbili atarudi bila kuiona: ni uwanda wa delta, tambarare kabisa, na inasemekana neno hilo lilipata nguvu kwa sababu liliwasaidia madalali wa mashamba mwanzoni mwa karne ya 20.

4. Je, utamaduni wa mpakani ni utamaduni wa Mexico uliohamia Marekani?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi. Msemo huo unadhania kwamba watu walivuka mpaka na mizigo yao ya utamaduni mkononi. Wapo waliovuka hivyo, tena wengi, hasa tangu mapinduzi ya Mexico ya mwaka 1910. Hata hivyo, kiini cha jamii ya bonde kilikuwapo kabla ya mpaka wenyewe.

Katika miaka ya 1740 serikali ya Hispania ilimtuma José de Escandón kuanzisha jimbo lililoitwa Nuevo Santander. Miji ya Camargo na Reynosa iliundwa mwaka 1749, na Laredo ikafuata mwaka 1755. Mwaka 1767 ardhi iligawiwa familia kwa vipande vyembamba na virefu, kila kimoja kikigusa maji, kwa kuwa katika nchi ile kavu ardhi isiyofika mtoni haikuwa na thamani kubwa. Miji mingi ilikuwa ukingo wa kusini na malisho ya ng'ombe yakaenea kaskazini. Mto ulikuwa katikati ya maisha ya watu hawa, mahali pa kunywesha mifugo na pa kuvukia kwenda kanisani.

Mpaka ulipowekwa, ulipita katikati ya jamii hiyo. Utamaduni uliotokana na tukio hilo si wa Mexico ya kati wala si wa Marekani ya kaskazini, na watu wa Mexico City huwashangaa watu wa mpakani karibu sawa na wanavyowashangaa watu wa Chicago.

5. Mpaka ulifikaje kwenye mto huo?

Kwa vita. Texas ilipojitenga na Mexico mwaka 1836 ilidai kwamba eneo lake linafika Rio Grande, ilhali Mexico ilishikilia kwamba linaishia mto Nueces, ulioko mbali zaidi kaskazini. Marekani ilipoichukua Texas mwaka 1845 ilirithi dai hilo. Pambano kubwa la kwanza la vita vilivyofuata lilipiganwa Palo Alto, karibu na mahali ulipo mji wa Brownsville leo, tarehe 8 Mei 1846. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1848, uliutangaza mto kuwa mpaka, nayo Marekani ikailipa Mexico dola milioni 15 kwa ardhi kubwa iliyoanzia hapo hadi California. Wameksiko waliobaki upande wa kaskazini walipewa mwaka mmoja kuamua watakuwa raia wa nchi gani, na walioahidiwa kwamba mali zao zingeheshimiwa waliipoteza sehemu kubwa mahakamani, kwa mauziano ya kulazimishwa, na wakati mwingine kwa bunduki.

Jambo ambalo watunga mkataba hawakulipa uzito wa kutosha ni kwamba mto huu huhama. Mafuriko huukata ukaacha kipande cha nchi moja upande wa nchi nyingine. Kijiji cha Río Rico kiliangukia upande wa Mexico baada ya kampuni ya umwagiliaji kuuchepusha mto mwaka 1906 bila idhini. Kisheria kiliendelea kuwa ardhi ya Marekani iliyotawaliwa na Mexico, hadi mkataba wa mwaka 1970 ulipokikabidhi rasmi kwa Mexico. Baadhi ya waliozaliwa hapo katika kipindi hicho walikuja kutambuliwa kuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa.

6. Kwa nini tamasha hili liandaliwe na chuo kikuu, wala si manispaa au kanisa?

Manispaa na makanisa wana sherehe zao (tazama swali la 17). Kinacholitia tamasha la chuo uzito wa pekee ni kwamba elimu rasmi ndiyo iliyokuwa adui wa utamaduni huu kwa muda mrefu.

Sheria ya Texas ya mwaka 1918 ilifanya kuwa kosa la jinai kwa mwalimu wa shule ya umma kufundisha kwa lugha isiyo Kiingereza, isipokuwa katika somo la lugha ya kigeni. Watoto waliokutwa wakizungumza Kihispania uwanjani walichapwa au kubakizwa baada ya masomo. Msomaji aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani hatahitaji kuelezwa hali hiyo ilivyo. Ni mwaka 1973 tu ambapo sheria ya jimbo iliagiza elimu ya lugha mbili katika shule zenye watoto wa kutosha wasiojua Kiingereza.

Chuo hakikuwa tofauti. Mwandishi Gloria Anzaldúa, aliyehitimu Pan American mwaka 1969, ameeleza kwamba yeye na wanafunzi wenzake wote wenye asili ya Mexico walilazimishwa kuchukua masomo mawili ya matamshi, lengo likiwa kuwaondolea lafudhi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 14 Novemba 1968, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Edcouch-Elsa, mashariki ya Edinburg, waligoma na kutoka madarasani wakidai, miongoni mwa mengine, haki ya kuzungumza Kihispania shuleni na kufundishwa mchango wa watu wao katika historia.

Kwa hiyo chuo kile kile kinapofungua ukumbi wake kwa washairi wanaochanganya lugha mbili katika mshororo mmoja, tukio hilo lina uzito ambao sherehe ya mtaani, hata ikiwa kubwa na nzuri zaidi, haiwezi kuwa nao. Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kulifuatilia tamasha hili, na mtu anayehudhuria bila kujua historia hii ataona burudani tu.

## Muziki na ngoma

7. Conjunto ni nini, na inatofautianaje na mariachi?

Mariachi ni muziki wa magharibi ya Mexico, hasa jimbo la Jalisco, wenye fidla, tarumbeta na magitaa, na uliofika mpakani kwa njia ya redio, sinema na sahani za santuri. Leo unafundishwa katika shule nyingi za bonde, na kundi la chuo liitwalo Mariachi Aztlán ni mojawapo ya yale yanayotarajiwa zaidi jukwaani.

Conjunto ilizaliwa hapo hapo. Kodiani ya vifungo ilifika Texas kusini na kaskazini mwa Mexico katika karne ya 19 pamoja na wahamiaji na wafanyabiashara wa Kijerumani na wa nchi za Ulaya ya kati, pamoja na midundo yao ya polka, redova na vals. Wafanyakazi wa mashamba waliichukua, wakaioanisha na bajo sexto, gitaa nene lenye nyuzi 12 zilizofungwa mbili mbili, wakapata muziki ambao Mjerumani hawezi kuudai. Kodiani imewahi kusafiri vivyo hivyo kwetu, ilipoingia katika mwomboko wa Wakikuyu.

Anayeitwa baba wa mtindo huu ni Narciso Martínez, aliyezaliwa Reynosa mwaka 1911 na kukulia upande wa Texas. Alipoanza kurekodi mwaka 1936 pamoja na mpiga bajo sexto Santiago Almeida, aliacha karibu kabisa kuvipiga vifungo vya besi vya mkono wa kushoto na kumwachia Almeida kazi hiyo, ili mkono wa kulia uwe huru kukimbia na sauti za juu. Mgawanyo huo mdogo wa kazi ndio uliounda sauti ya conjunto hadi leo. Martínez alipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa za jadi mwaka 1983, na miaka mingi ya uhai wake aliendelea kujipatia riziki kwa kazi za mikono. Kituo cha utamaduni cha mji wa San Benito kinaitwa kwa jina lake.

Mgeni mwenye jioni moja tu, na ratiba ikimpa kuchagua kati ya mariachi na conjunto, achague conjunto. Mariachi ataisikia popote duniani.

8. Corrido ni nini? Inaweza kulinganishwa na utenzi?

Inaweza, tena kwa karibu kuliko mtu anavyotarajia. Corrido ni wimbo wa masimulizi wenye beti za mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani nane au karibu yake. Utenzi nao hubeba vipande vinne vya mizani nane. Tofauti ya kwanza ni vina: katika utenzi vipande vitatu vya mwanzo hukubaliana na cha nne hushika kina cha utenzi mzima, ilhali katika corrido kwa kawaida mshororo wa pili na wa nne ndiyo hukubaliana, na kila ubeti una vina vyake. Tofauti ya pili ni ufunguzi. Utenzi wa kale hufungua kwa jina la Mungu na kuomba wino na karatasi. Corrido hufungua kwa mwaka, tarehe na mahali tukio lilipotokea, na humalizika kwa mwimbaji kuwaaga wasikilizaji.

Corrido maarufu kuliko zote za mpakani inamhusu Gregorio Cortez. Mwezi Juni 1901, katika wilaya ya Karnes, mkuu wa polisi alikwenda kumhoji kuhusu farasi aliyeibwa. Cortez alijibu kwamba hakubadilishana farasi dume bali jike, mkalimani akaielewa vibaya kauli hiyo, mabishano yakazuka, kaka yake akapigwa risasi, naye Cortez akamuua mkuu huyo wa polisi. Alikimbia kwa siku kumi akifukuzwa na mamia ya watu hadi alipokamatwa karibu na Laredo, akahukumiwa katika kesi kadhaa, na hatimaye akasamehewa na gavana mwaka 1913. Nyimbo kumhusu zilianza kuimbwa wakati msako ukiendelea.

9. Américo Paredes anatajwa kila mara. Ni nani?

Ni mwana wa Brownsville, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 1999: mwandishi wa habari, mwanamuziki, mshairi, kisha mtaalamu wa fasihi simulizi. Alipata shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha Texas mjini Austin mwaka 1956, na utafiti wake kuhusu corrido ya Cortez ulitoka kama kitabu mwaka 1958, wakati ambapo historia rasmi ya Texas iliwachora askari wa Texas Rangers, kikosi cha ulinzi cha jimbo, kama mashujaa wasio na doa. Paredes aliweka nyimbo za wakulima mezani kama ushahidi wa kihistoria, akaonyesha kwamba watu wa mto walikuwa na kumbukumbu yao ya matukio yale yale. Karibu kila mada ya insia inayojadiliwa katika matamasha ya mpakani hurudi kwake kwa njia moja au nyingine. Riwaya aliyoiandika akiwa kijana, miaka ya 1930, ilisubiri hadi mwaka 1990 kuchapishwa.

10. Mbona ngoma zinazochezwa huonekana kuwa za Mexico nzima?

Kwa sababu zipo za aina mbili. Kundi la chuo la ballet folklórico hucheza ngoma za majimbo mbalimbali ya Mexico, pamoja na mavazi yake, kama makundi ya taifa ya ngoma yanavyofanya kwetu. Ngoma za kaskazini yenyewe ni polka, chotis na redova, zenye viatu na kofia za wachunga ng'ombe, na hizi ndizo za nyumbani. Wachunga ng'ombe hao, vaqueros, ndio waliowafundisha Wamarekani kazi hiyo. Timu za michezo za chuo zinaitwa kwa jina lao.

## Lugha na fasihi

11. Tamasha huendeshwa kwa lugha gani?

Kwa Kiingereza na Kihispania, na mara nyingi kwa vyote viwili katika sentensi moja. Kuchanganya huko kuna kanuni zake, na wasemaji hubadili lugha kulingana na mada, umri wa anayezungumziwa na jambo linalotaka kusisitizwa. Anayejua Kiingereza pekee atafuata sehemu kubwa ya mihadhara. Mashairi na vichekesho vitampita. Chuo kimejiwekea rasmi lengo la kuwa taasisi ya lugha mbili, tamaduni mbili, na ya watu wanaoweza kusoma na kuandika kwa lugha zote mbili.

12. Gloria Anzaldúa alisema nini hasa kuhusu mpaka?

Anzaldúa alizaliwa bondeni mwaka 1942, akakulia katika kijiji cha Hargill, kaskazini mashariki ya Edinburg, katika familia ya wakulima, na kufanya kazi za shambani tangu utotoni. Kitabu chake cha mwaka 1987, kinachochanganya insha na mashairi, Kiingereza na Kihispania cha aina kadhaa, kinauona mpaka kama jeraha, na pia kama mahali panapomzalia mtu fahamu mpya: anayeishi katikati hujifunza kubeba mambo yanayopingana bila kulazimika kuchagua moja. Aliandika pia kama mwanamke aliyewapenda wanawake, katika jamii ambayo haikumwelewa kwa urahisi, kwa hiyo ukosoaji wake unawalenga Wazungu wa Texas na vilevile watu wake mwenyewe.

Alifariki mwaka 2004 na kuzikwa Hargill. Vyuo vya mbali vilimfundisha kwa miaka mingi kabla ya jina lake kuwa la kawaida nyumbani.

13. Kwa nini tamasha la chuo kikuu lishughulike na vitabu vya watoto?

Kwa sababu za kihistoria zilizoelezwa katika swali la 6. Familia ambazo lugha yao ilifukuzwa shuleni zilikuwa na vitabu vichache vya kuwasomea watoto nyumbani, na kampeni ya usomaji ilikuwa sehemu ya FESTIBA tangu miaka ya mwanzo.

## Mambo magumu

14. Je, sherehe hizi hazifichi machungu ya mpakani?

Hatari hiyo ipo, na hukumu itategemea mtu anahudhuria nini. Onyesho la sketi za rangi halitamweleza mgeni kwamba mwaka 1915 askari wa Texas Rangers na makundi ya raia wenye silaha waliwaua Wameksiko na Wamarekani wenye asili ya Mexico katika bonde hili, wengi bila kesi yoyote, baada ya mashambulizi ya waasi dhidi ya mashamba na reli. Idadi kamili haijulikani. Wanahistoria huzungumzia mamia, na wengine hufika maelfu. Mwaka 1919 mbunge José T. Canales wa Brownsville aliwashitaki Rangers mbele ya kamati ya bunge la jimbo, huku akitishiwa maisha. Kibao cha kumbukumbu ya mauaji hayo kiliwekwa wilaya ya Cameron mwaka 2017 tu, baada ya juhudi za wasomi, baadhi yao wakiwa walimu wa chuo hiki.

Hapo ndipo insia hudai nafasi yake kando ya sanaa. Mhadhara kuhusu mwaka 1915 hautavuta watu wengi kama ngoma, lakini ukiwekwa katika ratiba moja na ngoma, angalau anayetoka ukumbi mmoja ataweza kuingia mwingine.

15. Ukuta wa mpakani umeathirije chuo?

Moja kwa moja. Baada ya sheria ya uzio ya mwaka 2006, mpango wa serikali ya Marekani ungeipitisha njia ya uzio ndani ya ardhi ya kampasi ya Brownsville na kuiacha sehemu yake upande wa mto. Chuo cha Brownsville cha wakati huo, chini ya rais wake Juliet García, ambaye mwaka 1986 alikuwa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Mexico kuongoza chuo nchini Marekani, kilipinga mahakamani. Mwaka 2008 pande mbili zilikubaliana kwamba chuo kiimarishe uzio wake chenyewe badala ya kujengewa ule wa serikali. Kwa wasanii wa mpakani tukio hilo lilihitimisha mjadala kama mpaka ni mada ya nadharia.

## Kwa wageni na wasafiri

16. Kuna kiingilio? Tarehe hupatikana wapi?

Matukio mengi huwa wazi kwa umma bila malipo; maonyesho makubwa ya jukwaani huweza kuhitaji tiketi. Tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo kalenda rasmi ya chuo ndiyo ya kuaminiwa.

17. Je, FESTIBA na Charro Days ni kitu kimoja?

La. Charro Days ni sherehe ya mji wa Brownsville iliyoanza mwaka 1938, hufanyika mwishoni mwa mwezi Februari, na ina maandamano, mavazi ya kimeksiko na salamu za viongozi wa Brownsville na Matamoros wanaokutana darajani. Ni sherehe ya mitaani, yenye watu wengi zaidi na mihadhara michache zaidi.

18. Nile nini?

Barbacoa ya kichwa cha ng'ombe, inayoliwa asubuhi za mwisho wa juma. Fajita, ambazo zilianza kama kipande kigumu cha nyama walichopewa vaqueros. Na tortilla, yaani mikate bapa, za unga wa ngano, maana kaskazini ngano hushindana na mahindi. Balungi jekundu la bonde ni tamu kiasi cha kuliwa bila sukari.

19. Utamaduni wa El Paso au Tijuana si ule ule?

Ni jamaa, lakini kila sehemu ya mpaka huu wa kilomita 3,145 ina historia yake. El Paso na Ciudad Juárez ni karibu mji mmoja uliokatwa katikati, na San Diego na Tijuana zina mapokeo makubwa ya sanaa ya kisasa, likiwemo kundi la wasanii wa pande zote mbili lililoanzishwa mwaka 1984. Conjunto na corrido za zamani ni mali ya sehemu ya chini ya mto Rio Grande.

20. Afrika Mashariki ina tamasha la namna hii?

Lililo karibu zaidi ni JAMAFEST ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofanyika Kigali mwaka 2013, Nairobi 2015, Kampala 2017 na Dar es Salaam 2019. Hata hivyo, humo vikundi huja chini ya bendera za nchi, jambo ambalo humfanya Mdigo wa Lunga Lunga na Mdigo wa Horohoro waonekane wageni wawili wanaofanana. Wadigo, Wakuria na Wamasai waligawanywa kwa makubaliano ya Uingereza na Ujerumani yaliyoanza mwaka 1886, na chuo kitakachoamua kuanzia kwao badala ya kuanzia kwenye bendera hakitakosa mada.

21. Mimi ni mwanafunzi wa kigeni katika mji mwingine wa Texas. Nibebe hati gani hata kama sivuki mpaka?

Zote: pasipoti, rekodi ya kuingia nchini (I-94) na fomu ya chuo (I-20 kwa wenye viza ya mwanafunzi ya F-1). Wengi hudhani hati huulizwa darajani tu. Barabara kuu zinazotoka bondeni kwenda kaskazini zina vituo vya doria ya mpaka ndani ya nchi, kimoja karibu na Falfurrias kwenye barabara ya 281 na kingine karibu na Sarita kwenye barabara ya 77, na kila gari husimama hapo. Aliyeacha pasipoti chumbani Austin au Houston ataligundua kosa lake akiwa njiani kurudi.

22. Ninaweza kuvuka kwenda Reynosa au Matamoros kwa saa chache?

Kwanza usalama: kwa miaka mingi serikali ya Marekani imewashauri raia wake wasisafiri kabisa katika jimbo la Tamaulipas, ambamo miji yote miwili imo, na wakazi wengi wa bonde wenye ndugu huko wamepunguza safari zao. Onyo hilo lisichukuliwe kama urasimu.

Pili hati. Mexico humruhusu mtu mwenye viza halali ya Marekani kuingia bila viza ya Mexico. Ikiwa viza yako ya mwanafunzi imekwisha muda lakini I-94 bado ni halali, kanuni za Marekani kwa ujumla huruhusu kurudi baada ya safari ya Mexico isiyozidi siku 30, ila msamaha wa Mexico uliotajwa hautakuhusu tena, na utahitaji viza yao. Aliyeomba viza mpya ya Marekani akiwa Mexico hupoteza nafasi ya kurudi kwa ile ya zamani. Masharti kwa raia wa baadhi ya nchi za Afrika yamebadilishwa zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, kwa hiyo zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako kabla ya kufika darajani.

23. Nataka kuuona mto bila kuvuka. Niende wapi?

Nenda Los Ebanos, wilaya ya Hidalgo, mahali palipo na kivuko cha mwisho kinachovutwa kwa mikono katika mpaka huu. Ni pantoni ndogo inayobeba magari machache na watembea kwa miguu, na wahudumu huivuta kwa kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Mto ukifurika au upepo ukizidi hufungwa, basi ulizia kabla ya kuondoka Edinburg.